Fyuzi Iliyokuwa Baridi

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, maswali yalitoka upande mmoja wa nyumba na majibu yakatoka upande wa pili.

"Umeshatandika kitanda?"

"Nimeshatandika, mama."

"Umeshapiga mswaki?"

"Nimeshapiga."

"Na viatu, umeshavipaka rangi?"

"Nimeshavipaka, mama!"

Wakati majibu hayo yakitolewa, kitanda kilikuwa kimevurugika vilevile, mswaki ulikuwa mkavu ndani ya kikombe chake, na viatu vilikuwa chini ya meza na matope ya jana. Msichana aliyejibu hakujihesabu kuwa mwongo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na kwa maoni yake jambo alilokwisha kulikusudia lilikuwa limekwisha kufanyika. Iliyobaki ni kazi ndogo ya mikono kulifuata neno. Mara nyingi mikono ililifuata kweli. Mama alipopita chumbani alikuta kitanda kimenyooka, na nani angejua kwamba kilinyooshwa baada ya jibu, wala si kabla yake?

Shuleni wenzake walimpa jina la Nimesha, na jina hilo likamganda kama gundi.

"Nimesha, umeshakula chakula cha mchana cha kesho?" walimtania.

"Nimeshakula," alijibu bila kufikiri, "na wewe nimekuwekea mifupa."

Wote walicheka, naye akacheka nao. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu mmoja ambaye jina hilo halikumchekesha. Huyo alikuwa mjomba wake, fundi umeme wa zamani, aliyeishi nao. Mkono wake wa kulia ulibakiwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Katikati palikuwa na ngozi iliyojikunja, inayong'aa kama nailoni iliyoyeyuka. Kila aliposikia "nimeshafanya", mjomba aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai, akamtazama mpwa wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akarudi kwenye chai. Hakusema kitu. Nimesha aliuogopa ukimya huo kuliko kiboko.

Mama yake alikuwa amerithi kazi ya mjomba pamoja na mkoba wake wa vifaa. Alitengeneza mota, pampu na majokofu, na watu wa mtaa walimwita Mama Fundi. Pamoja na mkoba alirithi sheria moja isiyo na msamaha: fundi hagusi waya kabla fyuzi ya waya huo haijawa mfukoni mwake. Anayetumwa kuzima swichi kuu huichomoa fyuzi, huileta mwenyewe, na kuiweka katika kiganja cha anayefanya kazi. Zilikuwa fyuzi za aina ya zamani, vipande vya kauri nyeupe vinavyojaa kiganja cha mtoto, na bila kipande hicho umeme hauna daraja la kuvukia.

"Fyuzi mfukoni, mkono kazini," mama alisema kila walipofika mahali pa kazi.

"Na kitufe chekundu cha mashine, mama, si kinazima?" Nimesha aliwahi kumuuliza.

"Kinazima mashine, hakizimi umeme. Kitufe ni mlango tu, mwanangu. Ukiufunga, umeme hauondoki. Unasimama pale nje ya mlango, unasubiri."

*

Siku ya Ijumaa mwalimu wa Kiingereza aliandika neno moja katikati ya ubao, peke yake, kama mshtakiwa: "already". Alikuwa mwalimu mrefu, mkavu, asiyependa kelele wala njia za mkato.

"Nani atanipa sentensi yenye neno hili?"

Mkono wa Nimesha ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Alisimama, akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba alikuwa amekwisha kuyafuta madawati ya safu yake. Ilikuwa zamu yake asubuhi hiyo, na sentensi haikuwa na kosa hata moja.

Mwalimu alitembea polepole hadi kwenye safu yake, akapitisha kidole juu ya dawati, akakiinua. Kilikuwa cheupe kwa vumbi la chaki. Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Sentensi yako inapata alama zote," mwalimu alisema. "Dawati lako linapata sifuri."

"Lakini mwalimu, nilikuwa naenda kuyafuta. Sasa hivi tu!"

"Basi ungesema kwamba utayafuta. Sikilizeni, nyote. Waingereza wanalo neno hili, na sisi tunalo la kwetu. Tunalificha ndani ya kitenzi chenyewe: nimeshafuta, nimeshaosha, nimeshafika. Katika lugha zote mbili kazi yake ni moja. Si neno la kuahidi, ni neno la kushuhudia. Ahadi ni deni, mmefundishwa hivyo tangu mkiwa wadogo. Neno hili ni risiti. Mtu anayetoa risiti ya kitu kisicholipwa, tunamwitaje?"

"Tapeli!" darasa lilijibu kwa furaha.

"Naam. Na neno hili lina ndugu yake, mnyonge, ambaye hakuna anayempenda. Anaitwa 'bado'. Watu wazima na watoto, wote wanaona haya kulitamka. Nawaambia, haya ya 'bado' ni ya dakika moja."

"Na haya ya lile lingine, mwalimu?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma.

Mwalimu alijifuta chaki mikononi. Kwa muda alionekana kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Inategemea," alisema, "ni nani aliyekuwa amekuamini."

Kengele ililia. Nimesha aliketi, akalitazama lile vumbi mbele yake, kisha akakifungasha kitabu chake. Ilipofika jioni alikuwa ameshasahau. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

*

Jumamosi waliitwa kwenye jengo la tanuri la mikate. Mashine kubwa ya kukandia unga ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, na mikate ya mchana ilikuwa bado ni donge.

Mama alipokuwa akipanga mkoba, alichukua testa yake, ile bisibisi nyembamba yenye taa ndani ya mpini inayowaka ikigusa waya wenye umeme. Aliijaribu kwenye soketi ya ukutani. Taa haikuwaka. Akaigongagonga mezani, akaijaribu tena.

"Imekufa," alisema.

"Basi usiende," mjomba alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Kaka, duka la vifaa halijafunguliwa, na unga wao unachacha. Watu wale ndio wateja wangu wakubwa. Nina fyuzi."

"Una fyuzi," mjomba alikubali. Macho yake yalihama taratibu, yakatua juu ya Nimesha. "Na unaye wa kukuletea."

Mama alimpa Nimesha fyuzi ya akiba aiweke katika mfuko wa aproni yake, isije ikavunjika kati ya spana. Wakatoka. Njia nzima mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya mabati kama kifuniko juu ya sufuria.

Ndani ya jengo hewa ilikuwa nzito kwa joto na hamira. Mwenye tanuri, mtu mnene aliyevaa aproni iliyojaa unga, aliwapokea mlangoni akijifuta jasho.

"Mama Fundi, leo usiponitengenezea, nitawauzia watu gundi!"

"Wauzie, bosi. Kuna watakaoipenda kuliko mkate wako," mama alijibu, naye bosi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Swichi kuu ya mashine haikuwa ndani ya chumba hicho. Ilikuwa ndani ya ghala, mwisho wa ushoroba mrefu usio na dirisha, ambamo balbu moja ilikuwa ikipepesa kama jicho lenye mchanga. Ghala lilitunzwa na mzee mmoja aliyetembea na shada la funguo kiunoni, na kwa hiyo kila mtu alimwita Bwana Funguo. Hakuacha mlango wake wazi hata akienda kupiga chafya.

"Ingia," alimwambia Nimesha, "lakini panya wangu usiwasalimie. Hawajazoea wageni."

Ndani, nyuma ya magunia, sanduku la swichi lilikuwa limebanwa ukutani. Lilikuwa linavuma. Ilikuwa sauti ndogo, nene, isiyopumua, kama ya mtu anayenung'unika midomo ikiwa imefumbwa. Nimesha alishusha mkono wa swichi, na sauti ikakoma ghafla. Akachomoa fyuzi. Mashine ilikuwa imehangaika asubuhi nzima, na fyuzi ilikuwa ya moto. Aliirusha kutoka kiganja hadi kiganja akikimbia nayo ushorobani, kama kiazi kilichotoka jivuni.

"Umeshazima?"

"Nimeshazima, mama."

Fyuzi ikaingia katika kiganja cha mama, kisha mfukoni. Mama alitia mafuta skrubu zilizoota kutu, akafungua mashine, akasafisha, akafunga. Nimesha aliirudisha fyuzi ghalani, wakajaribu. Mota ilinguruma, haikuzunguka. Akatumwa tena, akaileta tena, ya moto vilevile. Mama alibadilisha kipande, wakajaribu. Safari hii mashine ilizunguka kidogo, bosi akapiga makofi, kisha harufu ya plastiki inayoungua ikajaza chumba. Mama alipiga kitufe chekundu kwa ngumi.

"Nimeuona ugonjwa," alisema. "Ni waya uliolegea ndani ya kisanduku cha swichi ya mashine. Mwanangu, nenda kazime. Hii ndiyo mara ya mwisho."

Nimesha aliingia ushorobani. Balbu ilipepesa, ikazimika, ikawaka. Alipofika mwisho, mlango wa ghala ulikuwa umefungwa, na kufuli limening'inia. Kutoka mbali, upande wa geti, alisikia lori likipakuliwa unga, na sauti ya Bwana Funguo ikigomba.

Alisimama. Nyuma ya mlango, sanduku lilikuwa linavuma.

Kumfuata Bwana Funguo kulimaanisha kuvuka ua mzima, kusimama nyuma ya wapagazi, kubembeleza. Bosi angesema mtoto huyu ametumwa kuzima au kuzaliwa upya? Mama angeaibika. Mkono wa Nimesha uliingia mfukoni mwa aproni, ukaikuta ile fyuzi ya akiba: nyeupe, nzito, pacha wa ile iliyokuwa nyuma ya mlango.

Mashine imeshazimwa kwa kitufe, alijiambia. Tena mama ataanza na zile skrubu za kutu, zitamchelewesha. Kabla hajazimaliza, mimi nitakuwa nimepata ufunguo, na nitakuwa nimeshazima kweli. Hakuna atakayejua lipi lilitangulia.

Alirudi akikimbia, ili apumue kama mtu aliyetoka kazini.

"Umeshazima?" mama aliuliza. Alikuwa amepiga goti mbele ya mashine, macho kwenye kisanduku.

"Nimeshazima, mama."

"Fyuzi."

Nimesha aliiweka katika kiganja kilichonyooshwa nyuma. Mama hakugeuka. Vidole vilijifunga, fyuzi ikaingia mfukoni.

"Naenda kunywa maji," Nimesha alisema, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kama ya mtu mwingine.

*

Alivuka ua mbio. Getini, wapagazi walikuwa wakishusha magunia, na Bwana Funguo alikuwa akigombana na dereva juu ya gunia lililotoboka.

"Bwana Funguo, shikamoo, naomba unifungulie ghala!"

"Marahaba. Nyumba inaungua?"

"Hapana, lakini..."

"Basi subiri. Huyu anataka kuniachia unga wa kupakaza barabara."

"Tafadhali! Nataka kuzima swichi!"

"Kuzima?" Mzee alicheka. "Si nimesikia wewe ndiye yule Nimesha? Mbona watoto wanaokuja kununua mkate wanasema wewe umeshafanya kila kitu mpaka cha mwaka ujao?"

Wapagazi walicheka. Uso wa Nimesha uliwaka. Aligeuka ili wasimwone, na ndipo alipoona, kupitia dirisha la chumba cha mashine, mgongo wa mama yake. Nimesha alikuwa amekosea kuhusu zile skrubu. Zilikwisha kutiwa mafuta asubuhi, na sasa zilikuwa zikitoka moja baada ya moja kama meno ya mtoto. Mama aliweka kifuniko sakafuni. Akavua glavu ya mkono wa kushoto kwa meno, kama alivyofanya kila alipotaka kushika waya mwembamba kwa vidole.

Umeme ulikuwa umesimama nje ya mlango, na mama alikuwa anaufungua.

Nimesha hakujua alivukaje ule ua. Alijua tu kwamba kifua kilikataa kutoa sauti, kwamba unga uliomwagika sakafuni ulimwangusha magoti, na kwamba alipofika kizingitini bisibisi ilikuwa tayari imeingia kisandukuni na vidole vya mama vilikuwa vinaifuata. Katika nafasi hiyo nyembamba alikuwa na neno moja tu.

"Bado! Mama, bado! Sijazima!"

Mama alirusha mkono wa kushoto nyuma kama aliyeumwa na nyoka. Bisibisi ikamponyoka, ikaanguka katikati ya waya.

Mlipuko ulikuwa mfupi, mkavu, na mwanga wake wa buluu ukauosha ukuta mzima. Taa zote zilififia, zikarudi. Moshi ulipoinuka, mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, uso mweupe kwa unga kama uso wa mtu asiyekuwamo tena duniani. Hakujitikisa.

"Mama?"

Donge la unga lilikuwa likidondoka kutoka kwenye ukingo wa mashine.

"Mama!"

"Niko hapa," mama alisema hatimaye. Aliivua glavu iliyoungua, akautazama mkono wake wa kulia. Kwenye ncha za vidole ngozi ilikuwa nyekundu na imeanza kututumka. Aliutazama wa kushoto, akavihesabu vidole vyake kwa macho, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto baada ya mafuriko. Vyote vilikuwepo.

Bosi aliingia akipiga kelele, akapigwa na bumbuazi mlangoni. Mama alimwomba maji tu. Kisha, mkono ukiwa ndani ya ndoo, aliingiza ule mwingine mfukoni, akaitoa ile fyuzi, akaifumbata.

"Ni baridi," alisema.

Nimesha alikuwa analia bila sauti.

"Zile mbili zilikuwa za moto. Hii ni baridi kama jiwe la mtoni. Ningeishika kwa nukta moja zaidi ningejua." Aliinua macho. "Sikuishika. Unajua kwa nini? Kwa sababu aliyenipa ni mwanangu."

Hakumpiga, wala hakumkemea. Nimesha alitamani afanye hivyo.

*

Kazi ilikamilika alasiri. Bwana Funguo, aliyekuwa ameacha kucheka, alifungua ghala bila kuambiwa mara mbili. Fyuzi ya kweli ilikutwa imeungua, nyeusi, ya moto mno kushikika. Duka la vifaa lilikuwa limefunguliwa, na mama alinunua testa mpya kabla ya kugusa tena chochote. Mbele ya bosi, Nimesha alisimama akaeleza mwenyewe alichokifanya, neno kwa neno, kwa kuwa mama alimwambia kwamba hatatoka mahali pale akiwaachia wengine lawama yake. Bosi alimsikiliza, akatazama vidole vya mama vilivyofungwa kitambaa, na mzaha wote ukamkauka mdomoni.

Nyumbani, mjomba aliomba aonyeshwe fyuzi mbili. Aliziweka mapajani, ile nyeupe na ile nyeusi, na baada ya miaka yote ya kimya akasema.

"Aliyeniambia 'nimeshazima' alikuwa rafiki yangu. Mtu wa watu. Hakuwahi kumdhulumu mtu hata nazi moja. Unadhani alinidanganya?"

"Ndiyo, mjomba," Nimesha alinong'ona.

"Yeye hakudhani hivyo. Alikuwa njiani kwenda kuzima. Alikuwa anautazama mlango wa swichi, mkono ameshaunyoosha. Alilisema tu neno mapema kidogo, ili nisione amechelewa." Aliinua mkono wake wenye vidole viwili. "Umeme haujui nia ya mtu, mpwa wangu. Unajua kilichofanyika na kisichofanyika, basi. Na wanadamu wengi watakaokuamini watakuwa katika hali hiyohiyo: mkono wao utakuwa juu ya neno lako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," mama alisema. "Ulipiga kelele uliyoiogopa, mbele ya watu, na ndiyo maana nina mkono. Mimi pia nina langu: niliondoka bila testa, na kaka alinionya. Hilo sitalirudia. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, kuamini ni kingine. Msamaha nakupa leo. Imani utaijenga upya wewe mwenyewe, jibu moja baada ya jibu."

Jumatatu mwalimu wa Kiingereza aliuliza ni nani ameshamaliza zoezi. Mikono mingi ilipanda. Nimesha alisimama, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye bado. Wengine waliguna, mmoja akapiga mluzi. Mwalimu alimtazama, akasoma kitu usoni pake, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimu mwenzake.

Kwa muda mrefu mama alikwenda kazini peke yake. Asubuhi maswali yaliendelea kutoka upande mmoja wa nyumba, na majibu ya upande wa pili yakabadilika. "Umeshatandika?" "Bado, mama, natandika." Baada ya muda: "Nimeshatandika." Mwanzoni mama alikwenda kuhakikisha. Baadaye akawa haendi kila mara.

Likizo ilipoanza, pampu ya kisima cha hospitali iliharibika, ikawa inanguruma bila kuvuta maji. Mama alivaa, akaangalia testa yake, ikawaka. Akafika mlangoni, akasimama.

"Chukua aproni," alisema bila kugeuka.

Pale hospitalini swichi kuu ilikuwa mbali, nyuma ya jengo, na mlango wake ulikuwa mgumu. Nimesha aliusukuma kwa bega, ukakataa. Akasikia sauti ya mama kutoka kisimani, ile aliyoisubiri na kuiogopa.

"Umeshazima?"

"Bado, mama!" alipaza sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama. "Bado! Usiguse!"

"Nasubiri!" mama alijibu.

Mlango ulifunguka. Alishusha swichi, akachomoa fyuzi, akaibeba mpaka kisimani, akaiweka katika kiganja. Mama hakuitia mfukoni. Kwanza aliifumbata, akafumba macho, akangoja.

Ilikuwa ya moto.